Cherehani Bila Wateja: Kazi kwa Vijana Baada ya Vita

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa maendeleo ya jamii mliojaa humu ukumbini, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia vijana kupata kazi katika nchi zinazotoka vitani. Wengi wenu mtamaliza masomo na kuajiriwa kwenye miradi ya aina hiyo, iwe makambini Kigoma, iwe Burundi, iwe Kongo mashariki siku amani itakaporejea kule. Kwa hiyo sitasema kwa jumla jumla. Nitawapeleka zaidi Sierra Leone, Liberia na kaskazini mwa Uganda, kwa sababu huko mambo haya yalijaribiwa, yakapimwa, na matokeo yake yako wazi. Msimamo wangu nauweka mezani tangu sasa ili atakayetaka kunipinga ajiandae: kwa miaka mingi vijana waliotoka vitani wamepewa mafunzo, wakati walichopungukiwa zaidi ni mtaji na soko.

Tuanze na Sierra Leone. Vita vya kule vilianza Machi 1991, waasi wa RUF walipovuka mpaka kutoka Liberia na kuingia wilaya ya Kailahun. Januari 2002 Rais Ahmad Tejan Kabbah alitangaza kwamba vita vimekwisha. Wapiganaji zaidi ya 72,000 walisalimisha silaha, na kati yao karibu 7,000 walikuwa watoto. Waliokuwa na umri wa kufanya kazi waliandikishwa kwenye mafunzo: useremala, uashi, ushonaji, ufundi magari, utengenezaji wa sabuni, upakaji rangi wa vitambaa. Kozi zilikuwa za miezi michache. Kijana alipohitimu alipewa sanduku la vifaa, akapigiwa makofi, akaambiwa aende akajitegemee.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya huyo kijana. Amerudi kwenye mji ambao nusu ya nyumba zake hazina paa. Anajua kutengeneza meza, lakini si yeye peke yake. Walitoka darasani pamoja makumi, na mji ule ule ulikuwa na maseremala wake wa zamani waliojifunza kazi kwa bwana fundi kwa miaka mitatu au minne. Mwenye fedha kidogo anataka bati na misumari ajifunike kwanza, kabati atalifikiria baadaye. Akiamua kununua kabati, atakwenda kwa fundi anayemfahamu, si kwa kijana wa kozi ya miezi sita ambaye watu wanakumbuka alikuwa upande gani wakati wa vita. Basi wengi waliuza yale masanduku ya vifaa. Wapo waliosema kwamba vijana hao hawana shukrani. Mimi naona kijana mwenye njaa, mwenye msumeno na asiye na mbao wala mteja, alipiga hesabu sahihi.

Mwaka 2003 watafiti wawili, Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein, waliwahoji wapiganaji wa zamani zaidi ya elfu moja nchini humo. Walitaka kujua kama waliopitia mpango ule walirudi kwenye maisha ya kiraia vizuri kuliko ambao hawakupitia. Hawakuona tofauti ya maana. Kilichoonekana kuwa na uzito ni matendo ya kikosi alichotoka mtu: waliotoka kwenye vikosi vilivyowatesa sana raia ndio waliopata shida zaidi kupokelewa nyumbani. Cheti hakikubadilisha jambo hilo. Simaanishi kwamba mpango mzima ulikuwa bure, maana kukusanya silaha zile kulikuwa kazi kubwa na ya heshima. Ninachosema ni kwamba ile sehemu ya kazi, ambayo vijana waliahidiwa kwa sauti kubwa zaidi, ndiyo iliyofikiriwa kidogo zaidi.

Linganisheni na kazi waliyojitafutia wenyewe. Kabla ya vita, katika miji ya Bo, Kenema na Makeni watu walipanda teksi za magari. Vita vilimaliza nyingi: nyingine zilichomwa, nyingine ziliporwa, na barabara zilizobaki zilikuwa mashimo. Amani iliporudi watu walihitaji kusafiri. Mama anataka kufikisha mihogo sokoni, mgonjwa anataka kufika hospitali, mtoto yuko shule ya mji wa pili. Vijana wakaleta pikipiki. Kule wanaziita okada, na zinafanya kazi ile ile ya bodaboda zetu. Wengi wa walioanzisha biashara hiyo walikuwa wapiganaji wa zamani, tena wa pande zilizopigana. Aliyekuwa RUF na aliyekuwa Kamajor, yaani mgambo wa upande wa serikali, watu waliokuwa wakiwindana porini miaka michache nyuma, wakawa wanasubiri abiria kwenye kijiwe kimoja. Hakuna semina ya maridhiano iliyowapanga hivyo. Wote walihitaji riziki, na biashara ile iliwapa sababu ya kupatana.

Wakaunda vyama vyao, wakachagua viongozi, wakaweka kanuni na faini. Mwenzao akikamatwa na polisi, kulikuwa na mtu wa kwenda kuzungumza. Akipata ajali, kulikuwa na wa kumsimamia. Vijana ambao serikali na wafadhili waliwaona kama tatizo la kudhibitiwa walikuwa wamejenga chombo cha wafanyakazi kwa nguvu zao, katika nchi ambayo taasisi nyingi zilikuwa zimesambaratika. Mimi nikitafuta mfano wa amani iliyotokana na kazi, huu ndio ninaoukumbuka kwanza.

Je, walikuwa na shida? Walikuwa nazo tele, na ninyi mnaokaa karibu na vijiwe vya bodaboda mnazijua bila kuambiwa. Wengi hawakumiliki pikipiki wanazoendesha. Walipeleka hesabu kwa bosi kila siku au kila wiki, na kilichobaki mfukoni kilikuwa kidogo. Leseni ilikuwa na gharama. Ajali zilikuwa nyingi. Polisi waligeuza vijiwe kuwa mahali pa kuchuma. Sasa hapo ndipo msaada ulipokuwa na nafasi: mkopo wa kijana kununua pikipiki kwa mkataba hadi iwe yake, leseni kwa bei anayoiweza, kofia ngumu, mafunzo ya udereva, na makubaliano ya maandishi kati ya chama na polisi. Kazi ilikuwapo, soko lilikuwapo, na uongozi ulikuwapo. Badala yake fedha nyingi zilikuwa zimekwishakwenda kwenye kozi za useremala. Na mwaka 2013 serikali ikawazuia waendesha okada kuingia katikati ya Freetown.

Najua hoja za msongamano na usalama barabarani. Si hoja za kupuuza, na hata hapa kwetu tumeona bodaboda wakizuiwa mijini kwa sababu hizo hizo. Lakini nchi iliyotoka vitani ina deni jingine. Ukifunga kazi ambayo vijana wameianzisha kwa mikono yao, lazima uwe umeandaa pa kuwapeleka kabla ya siku ya kufunga, si baada.

Kwa wale mtakaokwenda Kongo, mfano wa karibu zaidi ni wa Septemba 2010. Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuyakatia makundi yenye silaha fedha za koltani, madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta, na za madini ya bati. Marufuku ilidumu hadi Machi 2011. Na mwaka huo huo wa 2010 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze madini yao yanatoka wapi, na wanunuzi wengi waliona rahisi zaidi kuacha kununua Kongo kabisa kuliko kufuatilia kila gunia. Kijana aliyeingia shimoni Walikale, huko Kivu Kaskazini, akitafuta ada ya wadogo zake alikosa mnunuzi kwa sababu ya maamuzi yaliyofanyika Kinshasa na Washington. Wenye bunduki hawakufa njaa. Walihamia kwenye dhahabu, ambayo ni rahisi kuificha na kuivusha, na kwenye vizuizi vya barabarani. Watafiti waliofuatilia takwimu za eneo hilo baadaye walikuta uporaji na mashambulizi dhidi ya raia yameongezeka katika maeneo yaliyoguswa na sera hizo. Nawaomba mkumbuke hili mtakapokaa kwenye mikutano ambapo mtu mwenye nia njema kabisa anapendekeza kufunga kazi fulani ya vijana kwa sababu inafadhili vita. Muulizeni nani atakula nini kuanzia Jumatatu.

Sasa twende Uganda. Vita vya waasi wa LRA kaskazini vilidumu takriban miaka 20. Vilipofikia kilele, karibu watu milioni 2 walikuwa wameondoka vijijini mwao na kuishi kwenye kambi. Mapigano yalisitishwa Agosti 2006, mazungumzo yakiendelea Juba, na watu wakaanza kurudi nyumbani kwenye mashamba yaliyogeuka pori. Utafiti uliofanywa kwa vijana wa Acholi ulionyesha kwamba waliotekwa na waasi walipoteza miezi mingi ya shule kuliko wenzao, na wale waliokuwa na kazi walipata ujira pungufu kwa karibu theluthi. Yaani pamoja na majeraha yote ya moyo, ambayo mashirika mengi yalikuja kuyatibu, kulikuwa na jeraha la kawaida kabisa la kukosa elimu na kukosa kipato.

Serikali ya Uganda, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianzisha ndani ya mfuko wa kaskazini, ule wa NUSAF, mpango wa fursa kwa vijana. Vijana wa miaka 16 hadi 35 walitakiwa kujikusanya katika vikundi, kikundi kimoja kwa wastani kikiwa na watu zaidi ya 20, na kuandika andiko: tunataka kujifunza kazi hii, tutanunua vifaa hivi. Maombi yakawa mengi kuliko fedha. Vikundi 535 vilivyofaa viliingizwa kwenye kura, na karibu nusu vikapata. Fedha iliingia benki kwenye akaunti ya kikundi, wastani wa dola 7,500 kwa kikundi au dola 382 kwa mtu mmoja. Baada ya hapo hakuna afisa aliyewasimamia. Kwa sababu ilikuwa kura ya haki, mtafiti Christopher Blattman na wenzake Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliweza kulinganisha waliopata na waliokosa.

Wengi walichagua ushonaji na useremala, kazi zile zile nilizozilaumu Sierra Leone. Baada ya miaka minne mali zao za biashara zilikuwa zimezidi za wenzao kwa asilimia 57, saa za kazi kwa asilimia 17, na kipato kwa asilimia 38.

Naona wengine mnatikisa kichwa, na mna haki. Iweje cherehani ishindwe kule ifaulu huku? Jibu langu ni kwamba huku kijana alichagua mwenyewe, akijua kijijini kwake hakuna fundi nguo na akina mama wanasafiri mbali kushona sare za watoto. Pili, sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye vifaa na malighafi, na mafunzo yakachukua sehemu ndogo tu. Tatu, kiasi kilitosha kuanza biashara kamili: mashine, vitambaa, nyuzi, kodi ya kibanda. Sanduku la vifaa bila fedha ya kununulia mbao linamwacha mtu pale pale alipokuwa. Na nne, watu walikuwa wanarudi vijijini, wanajenga upya, wanavuna tena, wananunua. Kwa hiyo nisieleweke vibaya, sina ugomvi na cherehani yenyewe. Ugomvi wangu ni na mtu wa ofisini mji mkuu anayeamua kwamba vijana 40 wa wilaya moja watakuwa mafundi cherehani, halafu bajeti inamwishia siku ya mahafali.

Kuna swali ambalo halikosekani nikifika hapa, na nimeliona kwenye nyuso zenu: ukimpa kijana wa vita fedha taslimu, si ataimaliza kwenye pombe? Swali hili liliulizwa pia Monrovia, mji mkuu wa Liberia, tena kwa watu wagumu kuliko wote. Kati ya 2009 na 2011 walichaguliwa wanaume 999 wa mitaani, wezi, wauza dawa za kulevya, baadhi yao wakiwa wapiganaji wa zamani. Wengine walipewa wiki nane za ushauri wa kisaikolojia, wakifundishwa na watu waliowahi kuishi maisha kama yao namna ya kuzuia hasira, kupanga matumizi, kwenda benki wakiwa wamevaa vizuri na kuzungumza kama raia wengine. Wengine walipewa dola 200 tu. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata kitu. Fedha haikuishia kwenye pombe. Wengi waliinunulia chakula na nguo, wakalipia pa kulala, wakaanzisha biashara ndogo. Biashara nyingi hazikudumu, kwa sababu katika mtaa ule mtu huibiwa au hufukuzwa kabla hajasimama. Lakini waliopata ushauri na fedha pamoja walipunguza wizi na ugomvi, na walipofuatiliwa baada ya miaka 10 badiliko lile lilikuwa bado lipo, karibu nusu ya uhalifu imepungua. Ushauri peke yake ulififia. Fedha peke yake ilififia. Nadhani wale wanaume walihitaji kuonja kidogo maisha waliyofundishwa, wakiwa na fedha ya kuyaishi, ili yawe yao.

Liberia ina funzo jingine ambalo nalithamini zaidi kuliko yote, na mara nyingi halisemwi. Vita vyao viliisha kwa mkataba wa Accra wa Agosti 2003. Zoezi la kukusanya silaha lilianza Desemba mwaka huo kwenye kambi ya Schieffelin karibu na Monrovia, likavunjika kwa fujo kwa sababu wapiganaji walikuja wengi kuliko maandalizi na walitaka malipo yao. Likaanza upya 2004, na hadi linakwisha walikuwa wameandikishwa watu zaidi ya 100,000. Kila mmoja alilipwa dola 300 kwa awamu mbili. Baada ya hapo mafunzo yalichelewa, na wengine wakajitafutia kwa nguvu. Wapiganaji wa zamani waliteka shamba la mpira la Guthrie wakagema utomvu na kuuza, hadi serikali ilipolirudisha mwaka 2006.

Miaka michache baadaye, shirika lililoitwa Action on Armed Violence liliendesha chuo cha kilimo Tumutu, katika jimbo la Bong, na kingine Sinoe. Vijana waliokuwa wakiishi kwa uchimbaji haramu na ugemaji haramu waliishi chuoni miezi kadhaa wakijifunza kulima mpunga na mboga na kufuga, pamoja na kusoma na kupata ushauri. Walipomaliza waliahidiwa mbegu, zana na mifugo kwa awamu. Blattman na Jeannie Annan waliwafuatilia zaidi ya elfu moja. Kipato kilipanda kidogo, kama dola 12 kwa mwezi, na muda waliotumia kwenye kazi haramu ukapungua kwa karibu moja ya tano.

Halafu mwishoni mwa 2010 vita vikazuka jirani, Ivory Coast. Wasajili wa mamluki wakavuka mpaka na mifuko ya fedha, wakiwatafuta watu hawa hawa wenye uzoefu wa kushika bunduki. Wahitimu walikuwa na mwelekeo mdogo zaidi wa kujihusisha nao. Lakini ndani ya wahitimu kulikuwa na tofauti. Vifaa vilikuwa vimecheleweshwa na matatizo ya ugavi, na kundi moja lilikuwa bado linasubiri mgao wake. Hao waliokuwa wanasubiri ndio waliokaa mbali zaidi na wasajili. Ukiondoka kwenda vitani Ivory Coast, mgao utakukosa. Kitu kinachokuja mwezi ujao, chenye tarehe na ahadi inayoaminika, kilimshika kijana kuliko kile alichokwisha kukipokea.

Msumbiji walilielewa jambo hili mapema, kwa njia yao. Baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, uliomaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, askari zaidi ya 90,000 wa pande zote mbili waliachishwa jeshi. Walilipwa kidogo kidogo kwa miaka miwili, kupitia tawi la benki la wilaya ambayo mtu mwenyewe alichagua kwenda kuishi. Ili upokee, ilibidi uwepo pale. Kwa miaka miwili mtu alikuwa na sababu ya kubaki, akaoa, akalima, akajulikana na majirani. Wapo waliosema ni kulipa watu wakae bure. Mimi naona hekima kubwa katika mpango ule wa kawaida, na ninashangaa kwamba nchi nyingi zilizofuata ziliuacha zikarudi kwenye donge moja na kozi moja.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wafadhili hawalipendi. Msiandike kwenye maandiko yenu kwamba kazi kwa vijana itazuia vita, kana kwamba kila kijana asiye na ajira ni mpiganaji anayesubiri. Kule Uganda kipato kilipanda kwa asilimia 38, lakini watafiti hawakuona badiliko katika ugomvi wala maandamano, na sababu moja ni kwamba vijana wale walikuwa watulivu tangu mwanzo. Walikuwa wamechoka na vita kuliko mtu yeyote. Vita huanzishwa na watu wenye madaraka, silaha na malengo. Kijana maskini huchukuliwa, mara nyingi kwa kutekwa usiku. Ukimpa kazi kwa hofu ya atakachofanya, utampa kazi duni ya kumtuliza na utaacha kumsaidia siku hofu ikipungua. Mpe kwa sababu alinyang'anywa miaka ya shule na ya ujana kwa ugomvi ambao hakuuanzisha. Hiyo ni haki yake.

Kosa jingine la woga huo ni kuwasahau wasichana. Mipango ya silaha ilidai silaha mkononi, na msichana aliyebebeshwa mizigo, aliyepikia kikosi, aliyelazimishwa kuwa mke wa kamanda, mara nyingi hakuwa na bunduki ya kusalimisha. Akarudi na mtoto mgongoni bila hata lile sanduku la vifaa. Liberia ilijaribu kuwafikia wasichana mwaka 2010 kwa mpango uitwao EPAG, uliochukua wasichana na wanawake vijana wapatao 2,500. Na hapa nakubali kwamba mafunzo yanaweza kufaulu. Waliangalia kwanza soko linataka nini, kwa hiyo pamoja na biashara ndogo kulikuwa na udereva, upakaji rangi nyumba, ulinzi na kazi za hoteli. Madarasa yaliwekwa karibu na wanakoishi, kwa saa wanazoziweza. Kulikuwa na mahali pa kuwaacha watoto. Na wakufunzi hawakulipwa fedha yote hadi wahitimu wao wapate kazi au wafungue biashara. Waliopata ajira waliongezeka kwa asilimia 47 na kipato kwa asilimia 80. Katika hayo yote, mimi naliweka mbele lile la malezi ya watoto. Mradi unaomwita mama wa miaka 19 darasani asubuhi na haujajiuliza mtoto atakaa na nani, umemfungia mlango kabla hajafika.

Nimalizie na habari ambayo wengine wangependa kuificha. Watafiti walirudi kaskazini mwa Uganda miaka 9 baada ya ile kura. Waliokosa fedha walikuwa wamewafikia waliopata, kwa kipato na kwa matumizi ya nyumbani. Walidunduliza, wakafanya vibarua, wakaanzisha biashara zao polepole. Waliopata walibaki na mali zaidi na wengi zaidi kwenye ufundi, lakini pengo la kipato lilikuwa limefungwa. Wapo waliosoma ripoti ile wakasema, basi fedha haikuwa na maana.

Fikirini upya miaka hiyo 9. Kijana aliyekuwa na miaka 22 anafika 31. Katika muda huo anaoa au anaolewa, anazaa watoto wa kwanza, anajenga nyumba yake, anaamua kama wadogo zake waendelee na shule. Waliopata waliipitia sehemu kubwa ya miaka hiyo wakiwa na kipato kizuri, na wenzao waliipitia kwa dhiki ile ile waliyotoka nayo kambini. Kwangu hiyo ni faida kubwa sana kwa dola 382. Na inatuonyesha pia lini fedha itoke. Vijana hawa watajikwamua wenyewe hatimaye, wengi wao, tusaidie au tusisaidie. Tunachoweza kuwapunguzia ni ile miaka ya kusubiri. Kwa hiyo mtaji unaofika mwaka wa sita baada ya vita, kwa sababu miaka mitano ya mwanzo iliishia kwenye tathmini, warsha na ujenzi wa ofisi ya mradi, umefika wakati kazi ngumu imekwishafanywa na kijana mwenyewe. Mkipewa nafasi ya kupanga bajeti, wekeni mtaji kwenye robo ya kwanza ya mwaka wa kwanza, muugawe kwa awamu zenye tarehe zinazojulikana, na tarehe hizo mziheshimu. Karibuni kwa maswali. Dada wa pale nyuma aliyekuwa amenyoosha mkono tangu tulipokuwa Monrovia aanze.